NYUMBA ZINAZOOTA SHAMBANI

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Tawi mbele ya wanachama wa kazi za ujenzi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile, na wale wa mashambani ambao nauli haikuwatosha.)



Tulipotangaza kwamba tutazungumza habari ya nyumba za makuti, boriti na mianzi, baadhi yenu mlicheka. Mkasema, "Chama kimechoka kudai mishahara, sasa kinataka kutufundisha kuezeka." La, hatujachoka. Habari hii ni ya mshahara tangu mwanzo mpaka mwisho. Tena ni habari ya mahali mfanya kazi alalapo, na ya fundi anayevunjika kiuno akiambiwa kwamba hana mwajiri. Tupeni masikio, halafu mtauliza maswali.

MAKUTI YA MGENI NA MAKUTI YETU

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishika kwa mikono yake. Ukienda pwani kutoka Diani mpaka Malindi, utaona kwamba hoteli nyingi nzuri zina paa la makuti. Mgeni anatoka ng'ambo, analipa pesa nyingi, na mojawapo ya mambo anayoyalipia ni kukaa chini ya makuti. Hakosei. Chini ya makuti kuna ubaridi, hewa inapita, na mvua ikinyesha watu wanaendelea na mazungumzo yao.

Fundi aliyeliezeka paa lile akishuka ngazi, anarudi kwenye chumba chake cha mabati. Saa nane mchana chumba kile hakikaliki. Usiku wa Februari watoto wanalala nje barazani. Akisema, "Nami nijenge kwa makuti kama nilivyomjengea mgeni," jirani humcheka na kumwuliza kama bado hajapata pesa ya bati. Na akiwa mjini, huenda akaambiwa na karani kwamba ramani ya nyumba kama hiyo haipokelewi.

Basi twauliza: kitu kilekile, kilichoshonwa na mkono uleule, kwa nini kwa mwenye hoteli ni fahari na kwa mfanya kazi ni aibu? Ubaya hauko katika kuti. Uko katika namna tulivyozoezwa kutazama. Tangu zamani za ukoloni, nyumba ya miti na udongo iliitwa nyumba ya muda, na ya mawe na saruji ikaitwa nyumba ya kweli. Baada ya Uhuru, sheria ndogo za majengo za mwaka 1968 zilifuata sana kanuni za Uingereza, na ujuzi wa babu zetu haukupata nafasi kubwa ndani yake. Kanuni mpya za majengo za nchi zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Yatupasa tuzisome sisi wenyewe, tusingoje kusomewa na wenye kandarasi.

Ndugu, kumbukeni vilevile kwamba si kila kilichoitwa cha kisasa kilikuwa chema. Nyumba nyingi za wafanya kazi na shule nyingi ziliezekwa kwa vigae vya asbesto. Tuliambiwa havishiki moto wala haviozi. Ni kweli, haviozi. Kinachoharibika ni mapafu ya aliyevikata na kuvitoboa. Vumbi lake huleta saratani ambayo huonekana baada ya miaka mingi, mtu akiwa amekwisha kustaafu. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto miongoni mwa taka za hatari, na leo haiondolewi darini kiholela. Hakuna aliyekufa kwa kuvuta vumbi hilo chini ya paa la makuti.

MIMEA INAYOJENGA

Sasa tutaje mimea tuliyo nayo, na kazi ya kila mmoja.

Kwanza ni mnazi. Majani yake hutoa makuti. Kuna kuti la kumba, ambalo ni nusu ya jani iliyosukwa, na kuti la viungo, ambalo majani yake hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa. La viungo ndilo linaloezekea nyumba za kudumu. Makumbi yake hutoa usumba wa kamba. Na mnazi mzee usiozaa tena hupasuliwa mbao. Sehemu ya nje ya gogo ni ngumu sana na hufaa kwa nguzo na milango. Sehemu ya kati ni laini, haifai kubeba mzigo. Fundi asiyejua tofauti hiyo huliharibia jina gogo zima.

Pili ni mikoko. Hii ndiyo iliyojenga Lamu, mji uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kila unene wa mti una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Majahazi yalipeleka boriti zetu Arabuni na Ghuba kwa miaka mingi sana. Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe huko Lamu, utaona vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, karibu mita 3 tu kwa upana. Si kwa kuwa wenyewe walipenda wembamba. Ni kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Mti wa pwani ndio uliokuwa mhandisi.

Tatu ni mvinje. Huu hupandwa mashambani, hukua upesi, na baada ya miaka michache hutoa miti iliyonyoka. Leo paa nyingi za pwani zina makombamoyo ya mvinje mahali palipokuwa pa mikoko. Tutarudi hapo.

Nne ni mwanzi. Ndugu zetu wa bara wanaujua. Huota wenyewe katika milima ya Aberdare, Mau, Mlima Kenya na Mlima Elgon. Mwanzi ni nyasi, si mti. Ukikata bua moja, shina chini ya ardhi linatoa jingine. Baada ya miaka 3 hadi 5 bua limekomaa, linaweza kubeba mzigo.

Tano ni katani. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea mpaka kwetu, na ndugu zetu wa Vipingo na Mwatate wanakula jasho lake mpaka leo. Katika jani zima la katani, nyuzi ni kama sehemu 4 tu katika 100. Zinazobaki ni maji na makapi. Nyuzi zile huchanganywa na plasta ya jasi au udongo, zikauzuia usipasuke. Na ule mlingoti wa ua ukikauka ni mwepesi, nao hutumiwa kwa kuta na uzio.

Sita ni pumba za mpunga. Kule Mwea na Ahero pumba ni mlima. Zikichomwa kwa moto uliopimwa, majivu yake huwa na silika nyingi, na huweza kuchukua sehemu ya saruji katika mchanganyiko. Si saruji yote, ni sehemu. Lakini sehemu hiyo si ndogo kwa mtu anayenunua mfuko mmoja mmoja.

Kwa nini mataifa makubwa sasa yanayatafuta mambo haya? Kwa sababu ya hali ya hewa. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la digrii karibu 1,450. Makaa ya kuchomea hutoa hewa chafu, na lile jiwe lenyewe likiiva hutoa nyingine, tena iliyo nyingi zaidi. Karibu sehemu 8 katika 100 za hewa ya kaboni itokanayo na kazi za watu duniani hutoka katika saruji. Mmea hufanya kinyume. Unapokua huivuta hewa hiyo na kuifungia ndani ya mti wake. Nao ukikaa darini miaka hamsini, hewa imefungwa miaka hamsini. Sisi tuliokosa mvua kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwaka 2020 mpaka 2022, hatuhitaji kufundishwa maana ya hali ya hewa kuharibika.

TUSEME NA UBAYA WAKE

Chama kisichosema ubaya wa kitu hakiaminiki kinaposema uzuri wake. Nyumba ya mimea ina adui wanne.

Adui wa kwanza ni maji. Paa la makuti lililolala chini huoza upesi. Likiinuliwa digrii 45 au zaidi, na makuti yakasongamana vizuri, maji huteleza na paa hukaa miaka mingi zaidi. Lakini mwenye nyumba akitaka kupunguza gharama, hupunguza makuti na kulaza paa. Likivuja, lawama humwangukia fundi. Ukuta nao lazima usimame juu ya msingi wa mawe, na upenu utokeze vya kutosha. Nguzo iliyochimbiwa udongoni bila kinga ni chakula cha mchwa.

Adui wa pili ni wadudu. Mwanzi una wanga ndani, na bungua huupenda. Ukikatwa mchanga ukajengewa siku ileile, baada ya miezi michache utaona unga chini ya kila bua. Dawa yake inajulikana: ukatwe umekomaa, wakati wa kiangazi, utobolewe vifundo kwa ndani, uloweshwe katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kisha ukaushwe kivulini. Kazi hii inahitaji muda na maarifa. Asiyetaka kulipia muda huo asiseme mwanzi ni mbaya.

Adui wa tatu ni moto. Hapa hatutaki mzaha. Makuti makavu yakishika moto wakati wa kaskazi, paa moja huambukiza jingine kabla watu hawajapata ndoo. Nyumba za makuti hazifai kubanana kama vyumba vya mtaa wa mabanda. Ziwe na nafasi, jiko liwe mbali, na waya za umeme zipite ndani ya mabomba. Mahali ambapo nafasi haipo, tuseme wazi kwamba kuti si la hapo. Hapo tutumie mimea ndani ya ukuta uliopigwa lipu ya udongo au chokaa, na paa la kigae.

Adui wa nne ni sisi wenyewe, yaani tamaa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na hata huko shoka limefika mbali. Mwaka 1982 Serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa, na wakataji mikoko wa Lamu, ambao ni wafanya kazi kama sisi, wakakaa bila chakula. Hapo tulijifunza jambo. Msitu ukiisha, kazi imekwisha. Na msitu ukifungwa kwa ghafla, kazi imekwisha vilevile. Kwa hiyo mkataji hana rafiki mkubwa kuliko mche unaopandwa. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji tangu mwaka 2013 wanatunza mikoko yao kwa mpango wa Mikoko Pamoja na kulipwa kwa kaboni iliyofungwa ndani yake. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Na ndiyo maana tumewatajia mvinje. Boriti ya shambani inaiachia boriti ya bahari nafasi ya kukua.

WENGINE WALIFANYA NINI

Mtu asidhani kwamba ni sisi tu wenye kufikiri hivi. Nchi ya Kolombia huko Amerika ya Kusini inalima kahawa kama sisi. Katika milima ya kahawa watu hujenga kuta za mianzi na mabanzi yaliyokandikwa, karibu sawa na kiambaza chetu. Kwa muda mrefu wenye pesa waliziita nyumba za maskini. Tarehe 25 Januari 1999 ardhi ilitetemeka, mji wa Armenia ukaharibika, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Wataalamu walipokagua magofu, waliona kwamba majengo mengi ya matofali na zege yaliyojengwa ovyo yalianguka, na nyumba nyingi za mianzi zilizotunzwa zilisimama, maana ukuta wake ni mwepesi na huyumba bila kuvunjika. Zilizoanguka miongoni mwake zilikuwa hasa zile zilizooza au kuliwa na wadudu. Mwaka 2002 nyumba za namna hiyo zikaingizwa katika kanuni za majengo za nchi, na mwaka 2010 mwanzi wenyewe ukaandikiwa sura yake. Tangu hapo fundi wa mwanzi huko ana karatasi ya kumwonyesha karani.

Norway nayo, nchi ya baridi na misitu ya misonobari, mwaka 2019 ilimaliza jengo la ghorofa 18 mjini Brumunddal, ambalo nguzo na mihimili yake ni mbao zilizogundishwa pamoja. Urefu wake unapita mita 85. Hatusemi tujenge ghorofa 18 za boriti hapa Kilifi. Tunasema tu kwamba neno la "nyumba ya muda" limekwisha nguvu zake.

FUNDI JUU YA PAA

Sasa tuingie katika kiini cha mkutano. Nyumba hizi zikirudi kwa heshima, nani atakula faida yake?

Tazameni njia ya kuti moja. Mama analikunja na kulishona, mgongo ukiwa umepinda kutwa nzima. Dalali anakuja na lori, anataja bei, na mama hana pa kwenda. Dalali anamwuzia mwenye kandarasi. Mwenye kandarasi anamwuzia mwenye hoteli pamoja na kazi ya kuezeka. Mwezekaji analipwa kwa kipande, si kwa siku. Mvua ikinyesha siku tatu, hana kitu. Kila mkono uliopitisha kuti uliongeza bei yake, isipokuwa mikono miwili iliyolifanya: wa kushona na wa kuezeka.

Mwenzetu mmoja, ambaye wengi hapa mnamjua, alianguka kutoka mwambani akiezeka hoteli moja. Hakukuwa na mkanda wala kamba ya usalama. Kiuno kimeharibika; hatapanda ngazi tena. Tulipokwenda kuuliza fidia, mwenye kandarasi alijibu, "Huyu si mtu wangu. Ni fundi wa kujitegemea, nilimpa kipande tu." Alikuwa amefanya kazi pale zaidi ya wiki kumi, kila siku, kwa saa alizopangiwa, kwa ngazi ya mwenye kandarasi, akisimamiwa na nyapara wa mwenye kandarasi. Kama huyo anajitegemea, basi ni nani asiyejitegemea?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanya kazi wake. Sheria zipo. Kinachokosekana ni ushahidi, maana hatuandiki. Shauri la mwenzetu limekwama kwa sababu hakuna karatasi hata moja yenye jina lake.

Hatari nyingine haionekani kama kuanguka. Paa kuukuu la makuti likivuliwa, hushuka vumbi la ukungu na kinyesi cha popo na panya. Humo mna nge na tandu pia. Fundi huvuta vumbi lile kutwa, na jioni anakohoa na kulaumu baridi. Nguzo zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani mara nyingi huwa na shaba, kromi na arseniki. Arseniki ni sumu. Msizikate kwa msumeno bila kufunika pua, na vipande vyake msivipeleke nyumbani kuwa kuni. Moshi wake na majivu yake ni sumu, na kwenye chungu cha watoto havina nafasi. Oili chafu ya gari nayo, tunayopaka miti kwa mikono mitupu, hudhuru ngozi. Akina baba wengi hapa mna mikono iliyobabuka mkidhani ni uzee.

PESA YETU YA NYUMBA

Kuna jambo kubwa zaidi. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza asilimia 1.5 nyingine. Wako miongoni mwetu waliounga mkono na wako waliopinga. Leo hatutafufua ubishi huo. Tunasema hivi tu: maadamu ni pesa yetu, tuna haki ya kuuliza inanunua nini.

Ikinunua chuma na vigae kutoka ng'ambo, pesa imepanda meli. Ikinunua mvinje wa Malindi, mwanzi wa Kinangop, katani ya Mwatate na majivu ya pumba ya Mwea, pesa imezunguka mikononi mwa mkulima, mkataji, mshonaji na fundi, kisha inarudi dukani kwetu. Hatusemi kila nyumba iwe ya makuti. Mjini ardhi ni ghali, na ghorofa lazima zijengwe. Lakini milango, dari, kuta za kugawanya vyumba, na nyumba za chini katika miji midogo, kwa nini zisitoke mashambani?

Na tusisahau kifungu cha 31 cha Sheria ya Kazi: mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amlipe posho ya kutosha kupanga nyumba hiyo. Nyumba ya kufaa si tanuri la mabati. Wenye mashamba wanaojenga kambi mpya wanaweza kuziinua, kuzipa upenu, na kuweka dari ya mikeka au ya nyuzi za katani chini ya bati. Gharama yake si kubwa, na mtoto atalala ndani.

TUNAYOYATAKA

Kamati inaleta mambo matano mbele yenu, myapigie kura.

1. Kila mwanachama awe na daftari. Aandike jina la kazi, siku alizofanya, idadi ya makuti au mita alizoezeka, pesa aliyolipwa, na jina la nyapara. Baada ya miezi mitatu tutakusanya madaftari na kupata bei ya kweli ya kudai.

2. Washonaji wa makuti wapokewe kuwa wanachama kamili, kwa kiingilio cha kulipwa kidogo kidogo. Wasiwe wageni katika kazi waliyoianza wao.

3. Mkataba wowote wa kuezeka tutakaoujadili uwe na mshahara wa chini wa siku, hata pale malipo ni kwa kipande, ili mvua isiwe adhabu.

4. Tuiandikie Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Mwashi na seremala hufanya mtihani wa ufundi na kupata gredi. Mwezekaji na fundi wa mwanzi nao wapimwe na kupewa karatasi, kwa mikono yao, si kwa Kiingereza chao.

5. Asipande mtu juu ya paa bila mkanda na kamba. Wote washuke pamoja. Akishuka mmoja ataitwa mwoga. Tukishuka wote tutaitwa wafanya kazi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mwanachama mmoja aliuliza: "Nyumba za mimea zikiongezeka, waashi wa saruji hawatakosa kazi?" Tulijibu: nyumba ya mwanzi inahitaji msingi wa mawe, lipu na sakafu. Mwashi yumo. Anayepungukiwa ni mfuko wa saruji, si mwashi. Tena kazi ya mimea hutaka mikono mingi kuliko mashine.

Mama mmoja mshonaji aliuliza: "Mkitupandishia bei ya kuti, mwenye hoteli hataweka makuti ya plastiki?" Swali hilo ni zuri, na hatukulipuuza. Makuti ya bandia yapo, na baadhi ya hoteli zimeyaweka kwa kuogopa moto na gharama ya kuezeka upya. Jibu letu ni kwamba tusishindane kwa kujipunguzia. Tushindane kwa kazi nzuri: paa lililoinuka, lililosongamana, lenye karatasi ya dhamana iliyotiwa sahihi na fundi mwenye gredi. Mwenye hoteli humkimbia fundi asiyemjua kesho atampata wapi. Fundi wa chama atapatikana.

Mzee mmoja hakuuliza, alisema tu. Alisema aliiezeka nyumba yake kwa bati mwaka aliopata mkopo, na tangu siku hiyo mkewe amehamishia kitanda barazani. Watu walicheka sana. Kisha akasema, "Nimeezeka hoteli kumi na mbili. Sijaezeka yangu." Hapo hakucheka mtu.

Ndugu, kwa neno la mzee huyo tunafunga. Tusimalize maisha yetu tukiwaezekea wengine kivuli huku watoto wetu wako juani. Mti tunao, ujuzi tunao, na sheria tunayo karatasini. Kilichobaki ni kuvishika vyote vitatu kwa mkono mmoja, na mkono huo ni chama.

Mambo yote matano yalipigiwa kura yakapita. Madaftari yanapatikana ofisini kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni. Njoni na kalamu zenu.